Skrini Bila Dalali

Kila aliyewahi kutafuta chumba cha kupanga Dar es Salaam amemlaani dalali. Anakula kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango ambao ungeuona mwenyewe. Ndani ya kompyuta za Linux naye yumo. Programu ikitaka kuchora kidirisha, haiigusi skrini; inapeleka maombi kwa X, dalali mkongwe aliyezaliwa MIT mwaka 1984, au kwa mdogo wake Wayland. Huyo ndiye anayejua nani akae wapi na nani amfunike nani. Kwa huduma hiyo anadai memori, na kwenye mashine kuukuu anadai na subira yako.

Mimi nikataka kuonana na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba anaitwa /dev/fb0. Ni faili, maana kwa watu wa Unix karibu kila kitu ni faili, na nyuma yake kuna kipande cha memori ambacho skrini inakisoma tena na tena bila kuchoka. Ukiandika baiti humo, rangi inatokea papo hapo. Hakuna wa kukuuliza kama una uhakika.

Shangazi yangu ana mgahawa Mbagala, na bei zake zilikuwa zinaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Mvua ya upepo ikipiga, supu inabaki haina bei. Basi kompyuta yangu mpakato ya zamani ikapata ajira: ikae kaunta, iwatazame wateja, ionyeshe bei na picha za vyakula. Kuiwekea dalali mashine ya umri ule ilikuwa ni kuiua.

Jaribio la kwanza la kila mtu anayeingia kwenye mambo haya ni kumimina data za ovyo kutoka /dev/urandom moja kwa moja ndani ya /dev/fb0. Skrini ikajaa chenga za rangi zote. Mzee aliyekuwa akinywa chai akamwagiza kijana wa jikoni akazungushe antena. Sasa, mmiminiko huo hauna mwisho lakini skrini inao, kwa hiyo ukifika pikseli ya mwisho mfumo unalalamika kwamba kifaa hakina nafasi tena. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuona maandishi akayaacha, akayasoma kwa sauti: "Nafasi zimekwisha!" Mteja aliyekuwa anavua kofia mlangoni akaivaa na kuondoka.

Ikafuata picha ya pilau. Skrini ile ina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa urefu, na kila pikseli inachukua baiti 4. Mtoto wa darasa la tano atakuambia kwamba mstari mmoja ni baiti 5,464. Mtoto huyo amekosa. Kadi ya michoro inapenda kila mstari uanze kwenye namba inayogawanyika kwa 64, kwa hiyo mstari wake ni baiti 5,504. Zile 40 za ziada, yaani pikseli 10, zipo kwenye memori lakini hazionekani na mtu. Ukiandika picha kwa hesabu ya shuleni, kila mstari unasogea kushoto kwa pikseli 10 kuliko ulio juu yake. Kwenye mistari 768 hilo si jambo dogo: sahani inakatwa mshazari, kipande cha nyama kinatokezea upande wa pili, kachumbari inafuata chini yake. Shangazi aliitazama kwa muda, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hii ni pilau au mkeka?"

Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaijua namba sahihi na inaitoa kwa yeyote anayeiuliza, kwenye sehemu iitwayo line_length. Dalali huwa anaiuliza kila siku, kimya kimya, na hakuna anayemshukuru.

Tarehe 9 Desemba Shangazi akataka bendera. Skrini ile inapanga baiti za pikseli kwa mpango wake: bluu kwanza, kisha kijani, kisha nyekundu. Faili la picha lilianza na nyekundu. Kwa bendera nyingine labda ningepona, lakini ya Tanzania ina hila: kijani kinabaki kijani, nyeusi inabaki nyeusi, ila bluu na njano zinabadilishana viti karibu kabisa. Mjumbe wa nyumba kumi, chapati mkononi, alisogea karibu. "Naona bahari na maziwa yote yamekuwa madini," alisema, "na madini yamebaki vijito viwili." Akauliza kama ndiyo sera mpya.

Kilichonitoa jasho zaidi ni wateja kuchaji simu. Kompyuta ina matundu ya USB, na Mbagala tundu la umeme halikai wazi. Kila simu inapochomekwa, kerneli inatangaza kifaa kipya na namba yake, na tangazo linaandikwa juu ya picha, katikati ya bei ya wali maharage. Namba hupanda kila simu inapochomekwa, hadi 127, kisha inaanza upya. Bodaboda mmoja alichomeka, akaona 23, akakaa kusubiri aitwe.

Dawa ya hayo ni kuiambia kerneli kwamba dirisha la maandishi sasa liko katika hali ya michoro. Kerneli ikishaambiwa hivyo inanyamaza, na hata kile kistari kinachopepesa pembeni kinatoweka. Ila kama programu yako inakufa bila kuitengua hali hiyo, kerneli inaendelea kunyamaza. Ikatokea Binamu amepandisha supu kutoka 2,500 hadi 3,000 na kuacha mstari mtupu kwenye faili la bei. Programu ikafa imesimama. Skrini ikabaki na bei ya jana, safi kabisa, na wateja wakawa mawakili: "Skrini imesema 2,500." Dalali, mteja wake akifa, huondoa vyombo vyake siku hiyohiyo. Mimi nilibaki kuandika amri ya kuwasha mashine upya bila kuona herufi hata moja. Nenosiri tu ndilo lilikuwa la kawaida, kwa kuwa hata siku njema halionekani.

Na huyu mwenye nyumba mwenyewe? Mwaka 2015 watunzaji wa sehemu hii ya Linux walisema hawataki tena draiva mpya za mtindo huu. Kazi imehamia kwenye mfumo uitwao DRM. Kwenye mashine kama yangu, /dev/fb0 ni igizo tu ambalo DRM inalitunza kwa ajili ya watu wa zamani. Kwa maneno mengine, nilimkwepa dalali nikaenda kulipa kwa dalali wa nyuma.

Ukipita pale, usichomeke simu kwenye kompyuta. Supu ni 3,000. Skrini ikisema vingine, mlipe Shangazi.