Kupungua Bila Kibali

Mtu mzima mwenye ajira akionekana Karatu mjini na hotpoti mkononi, hakuna atakayesema anajali afya. Watasema mshahara umechelewa. Mimi nakaa Oldeani, kazi yangu iko mjini, na tangu siku ile daktari aliponivua kitambaa cha kupimia presha, akatazama namba, kisha akanitazama mimi, nimekuwa mtu wa hotpoti. Humo mna ngwara, kiazi kitamu cha kuchemsha na mboga ya majani. Siku nyingine makande. Hakuna hata kimoja kilichotoka mbali. Ngwara hiyohiyo hupakiwa kwenye malori kwenda Kenya, ambako wanaiita njahi na kumpikia mama aliyejifungua ili arudishe nguvu. Ikishavuka Namanga ni chakula cha heshima. Nikiifunua mimi ofisini, napewa pole.

Dada wa mapokezi ndiye aliyeanza. "Kaka, kama umekwama sema tu, nikukopeshe hela ya chipsi." Nikamweleza habari za presha, mafuta na chumvi. Akanisikiliza kwa upole wote, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniwekea noti ya elfu tano chini ya kalamu na kuondoka bila kugeuka nyuma. Nilimrudishia. Kesho yake nikaikuta ndani ya faili.

Ukombozi wa hotpoti ulitoka kreta. Ukikaa Oldeani, Ngorongoro iko mgongoni mwa mlima wako, lakini wengi wetu tunaijua kwa kalenda za ukutani. Ofisi ikaandaa ziara. Wenzangu walibeba yale maboksi ya watalii: paja la kuku wa kukaanga, soseji, keki, juisi. Mimi nikashuka ule ukuta wa mita 600 hivi nikiwa nimepakata ngwara yangu. Kule chini huruhusiwi kushuka garini ukala popote, kuna sehemu zake. Sisi tulisimama Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko. Dereva akatuonya: "Kuleni ndani ya gari. Mwewe wa hapa hawana adabu." Bosi wetu akacheka, akasema mwewe wanawajua wazungu tu, akashuka na paja lake.

Mwewe haji kwa mbele. Anatokea nyuma ya bega, unasikia upepo sikioni na ncha ya bawa inakupapasa shavu, na ukiangalia mkono wako unakuta umeshika tishu. Bosi alibaki vidole vikiwa vimekaa vilevile, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa samaki. Halafu wakaja wa soseji. Mhasibu alijikinga na keki, keki nayo ikaenda. Mmoja akanilenga mimi, akateremka miguu imetanguliza kucha, nikamwona jicho, naye akaona kilichomo kwenye hotpoti. Akakata kona juu ya kichwa changu, akaenda zake.

Vicheko vilisikika hadi kwa viboko. "Hata mwewe kamwonea huruma!" Lakini mwendo wa kurudi Karatu ni mrefu, na watu wenye njaa hawana kumbukumbu ya dhihaka. Hotpoti ikazunguka gari zima kwa kijiko kimoja. Bosi alipofikiwa alikula kimyakimya, akala tena, akafuta mdomo, akasema, "Kesho uniletee na mimi." Nilidhani ni utani. Sasa hivi tunabeba hotpoti kubwa, na mke wangu ameniuliza mara kadhaa kati yangu na bosi ni nani hasa anayemlipa mwenzake.

Baada ya chakula, lengo la pili lilikuwa kutembea. Redioni wataalamu wanasema uamke saa kumi na moja alfajiri, uvae raba, utoke. Nadhani hao wataalamu wanakaa Dar es Salaam. Huku kwetu saa kumi na moja alfajiri njia ya kandokando ya msitu ina wenyewe: nyati na tembo walioshuka usiku kuangalia mahindi ya watu, wanarudi milimani. Huwezi kuwaambia uko kwenye mazoezi. Kwa hiyo mimi hutembea jioni, kukiwa bado kweupe, mbele ya macho ya kata nzima, na matatizo yangu yote yametokea hapo.

Simu inanidai hatua 10,000 kila siku. Nilifuatilia ni daktari gani aliyepanga kiwango hicho, nikakuta si daktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua, ikakiita "kipimo cha hatua elfu kumi", na jina la kuuzia bidhaa likageuka amri ya afya kwa dunia nzima. Nikaendelea kusoma, nikakuta ya kunitibua zaidi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Profesa Audax Mabulla wetu, walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe, majirani zetu wa hapo bondeni Ziwa Eyasi. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Ukishalinganisha ukubwa wa miili, nguvu wanayotumia kwa siku nzima ni sawa na ya Mmarekani wa kawaida, huyo wa kiti na kompyuta. Niliyasoma hayo usiku, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto. Mke wangu aliomba nirudie ile sehemu kwa sauti.

Hakuomba nirudie sehemu nyingine, kwamba presha na magonjwa ya moyo ni nadra sana kwa Wahadzabe. Kutembea huenda kusikukondeshe, lakini moyo unaona tofauti. Kwa hiyo nikaendelea.

Tatizo ni magari. Oldeani hakuna mtu mwenye gari atakayempita jirani anayetembea. Atasimama, atafungua mlango, atasema, "Panda twende." Ukisema hapana, atazima injini aulize umegombana na nani. Ukimwambia ni mazoezi, atakujibu kwamba hata yeye aliwahi kufilisika, siyo aibu. Kuna jirani yangu mwenye pikapu ambaye nampenda sana, na kwa kuogopa huruma yake nilichepuka siku moja nikachutama kati ya miti ya kahawa mpaka apite. Kahawa ya Oldeani ina historia ndefu, walowezi wa Kijerumani waliipanda huku kati ya vita viwili vya dunia, na tangu enzi hizo haijawahi kukosa mlinzi. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Mlinzi akanikuta nimechutama, hotpoti tupu mkononi, mfuniko wazi. Hebu jaribu wewe kueleza. Aliyeninusuru ni jirani yuleyule wa pikapu, aliyesikia kelele akarudi nyuma, akanidhamini, akanipakia hadi mlangoni.

Sasa mavazi. Mwili ukianza kupungua, suruali zote zinageuka za marehemu baba, na kununua mpya ni kupoteza hela, maana hujui utaishia saizi gani. Nikaamua nitavaa mitumba mpaka kiuno kitulie. Mnada wa Karatu uko tarehe 7 na 25 za kila mwezi, na wale wanaopanga meza walikosa huruma: turubai la makoti limekaa upande ambao moshi wa nyama choma unaelekea. Unainama kuchagua, pua inakuvuta kushoto. Muuzaji kasimama juu ya rundo, anaimba bei, anakurushia koti usoni kabla hujaomba. Kila nikifika pale nakumbuka kwamba mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana biashara hii iishe ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutunyima AGOA, mpango wake wa kusamehe ushuru bidhaa za Afrika. Rwanda peke yake ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. Sisi wengine tukarudi kwenye turubai. Wazalendo watanisamehe, Julai ya Oldeani ukungu unashuka mlimani hadi kwenye kikombe cha chai.

Nilipata koti zito, la uhakika, lenye mabaka ya kijani na kahawia. Mfukoni nikakuta risiti ya mkahawa wa Austria: soseji mbili, bia mbili. Presha ya mwenye koti sijui ilikuwaje. Nikalivaa kwa raha mpaka Agosti 2023, Jeshi la Wananchi lilipotoa siku saba kwa kila raia mwenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, azisalimishe. Kabla sijamaliza kusikiliza habari, mjumbe alikuwa mlangoni na mgambo. "Mwalimu," akasema, ingawa mimi si mwalimu, "lile koti lako tumelijadili."

Tukaenda ofisi ya kijiji. Koti likatandazwa juu ya meza, likageuzwa nje ndani. Ndipo akaitwa mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mabaka, polepole, akatikisa kichwa. Yale mabaka yalikuwa picha: matawi ya msonobari, na katikati ya matawi, mbegu zake. "Mimi nimekwenda mpaka Kampala," mzee akasema. "Sijaona jeshi linalojificha kwenye misonobari. Hawa wanapigana na kindi." Ni koti la wawindaji wa Ulaya. Nikaruhusiwa kubaki nalo kwa sharti nilivae ndani ya nyumba.

Tarehe 25 nikanunua jingine ambalo hakuna jeshi lingelitaka: rangi ya chungwa, mistari ya reflekta kifuani na mgongoni. Siku ya kwanza tu nilipotembea nalo, mzee aliyekaa kwenye benchi la duka akanisimamisha. "Kijana, lami inafika lini?" Nikamwambia sijui. "Hata mkijua huwa hamsemi. Haya, andika: kalvati la pale mtoni limeziba." Alikuwa ananisubiri, nikaandika. Nikampigia diwani simu ili niwe nimetimiza ahadi, na kwa bahati mbaya kalvati likazibuliwa wiki ileile. Kuanzia hapo hakuna aliyekubali kwamba mimi si mtu wa barabara. Naletewa mitaro, naletewa madaraja, mama mmoja aliniletea mgogoro wa mpaka wa shamba.

Yote hayo ningeyabeba. Lakini mwili, baada ya miezi ya ngwara na vumbi, ukapungua kweli, na hapo ndipo nilipojua kwamba huku kwetu mwili wa mtu si wake peke yake. Mke wangu ndiye aliyehukumiwa kwanza: hanilishi. Kisha akaja mama yangu mzazi kutoka Endabash, hakupiga simu, na kibuyu cha maziwa mgando, samli na jogoo aliyefungwa miguu. Nikamwambia, "Mama, ni daktari ameniambia nipungue." Akanijibu, "Daktari naye ana mama yake." Tukala jogoo.

Jumapili wakaja wanakikoba. Waliingia kwa utaratibu, wakaketi, wakanitazama mashavu, wakasali. Mwenyekiti akasema wamesikia, na maradhi ni ya binadamu wote, kwa hiyo wametoa kidogo kutoka mfuko wa jamii. Nikakataa. Nikasimama, nikaonyesha misuli ya mguu, nikaeleza presha ilivyokuwa na ilivyo sasa. Katibu akasema kwa masikitiko kwamba imeshaandikwa kwenye daftari, "kumwona mgonjwa", na daftari limo ndani ya kasha, kasha lina kufuli tatu, na mwenye ufunguo wa tatu amesafiri Mbulu. Nikazipokea. Sijui niseme nini kuhusu matumizi yake, isipokuwa kwamba ilikuwa tarehe 7 na upepo ulikuwa unatoka upande wa nyama.

Kwa hiyo wewe mwenye gari unayepita njia yetu jioni, nakuomba: ukiniona natembea, piga honi, punga mkono, pita. Presha imeshuka, na nauli ninayo.