Paka Ana Lishe, Mimi Nina Karoti

Paka wa enzi zetu alikula kichwa cha changu, akalamba sufuria ya ugali, usiku akaenda zake kupigana juu ya mabati. Hakuna aliyemjadili. Huyu wa kwangu ana mpango wa lishe, na mpangaji ni binti yangu, ambaye tangu aende Morogoro kusomea udaktari wa mifugo, kila likizo ni semina.

"Baba, mwili ukitumia oksijeni huzalisha takataka zinazoshambulia seli. Antioksidanti ndizo zinazozituliza."

Nikasema hilo dogo, paka apewe chungwa. Familia ikacheka. Kumbe paka hujitengenezea vitamini C ndani ya ini lake. Binadamu hawezi. Yaani mimi mlipa kodi niende sokoni kubembeleza bei ya machungwa, na yeye anajitengenezea huku amelala kwenye kiti changu!

Basi karoti? Nayo haimfai. Sisi ile rangi ya karoti tunaigeuza kuwa vitamini A. Paka hana uwezo huo, anaitaka ikiwa tayari, na tayari yake iko kwenye maini. Mmeshajua mzigo umemwangukia nani. Yeye akakatiwa maini, mimi nikasogezewa karoti. Tena asizidishiwe, maana maini ya kila siku humjaza vitamini A hadi mifupa ya shingo ikaota vinundu na kukakamaa. Nikajitolea kumpunguzia hatari hiyo kwa kuyala mimi. Sikuungwa mkono.

Kwenye samaki niliufyata. Paka anayelishwa samaki wa mafuta peke yake huishiwa vitamini E, ambayo ndiyo inayoyalinda mafuta ya mwili yasiharibike. Yakiharibika huvimba, yakawa magumu na ya njano chini ya ngozi, na ukimshika tu analia. Hilo ni teso, hata kwa mwizi wa kiti.

Lakini kitunguu! Kitunguu, kibichi au cha kukaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na kitunguu saumu ni ndugu yake. Kwa kuwa bwana mkubwa huonja sufuria yetu, mchuzi wetu sasa hauna kitunguu. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Hapa anayekaribia kuingwa ni mwenye nyumba.

Juzi kichwa kikaniuma, nikatoa parasetamo, kidonge kikaniponyoka. Familia nzima ikapiga magoti chini ya meza. Nikaguswa, kumbe si kwa ajili yangu: kidonge kimoja chaweza kumuua paka, kwani hummalizia glutathioni, antioksidanti ya mwili wake mwenyewe. Kikapatikana, kikafungiwa kabatini. Kichwa changu hakuna aliyekiulizia.

Nikatoa hoja yangu ya mwisho: panya. Panya mzima ana ini, ana moyo, ana kila mnachokinunua buchani, na darini kwangu wamejaa tele, bure. Mke wangu, Mama Zai, akanijibu kwamba panya wa mtaa huu wametegewa sumu, paka akimla na yeye anakwenda. Kwa hiyo watategwa kwa mtego na kutupwa, na wa kupanda darini nimeteuliwa mimi. Paka ametakiwa apumzike.