Mzee Tanuri na Ukuta Wake

Kuna wanaume wanaoishi kwenye nyumba walizojenga wenyewe, kuna waliopanga, halafu tupo sisi tunaoishi kwenye nyumba ya baba mkwe. Kama na wewe ni wa kundi letu, sogea tupeane pole.

Nyumba yenyewe iko Kihesa, Iringa. Ni ya matofali ya kuchoma na ilijengwa mwaka 1981. Mwenye mali alipostaafu alihamia Kalenga kwenye mahindi yake, akatuachia funguo na masharti. Naomba hili libaki kati yetu: mimi na watoto tunamwita Mzee Tanuri. Anza naye mazungumzo popote, iwe bei ya mbolea au posa ya mtoto wa jirani, mtaishia kwenye tanuri lake. Atakueleza jinsi yeye na ndugu zake walivyofyatua matofali bondeni kando ya Ruaha Mdogo, wakayapanga, wakaacha matundu ya kuni chini, wakakandika udongo nje, kisha wakakesha wakichochea moto. Matofali yaliyokaa karibu na moto yalitoka meusi na magumu. Ya pembezoni yalitoka yamepauka, na hayo ni laini kiasi kwamba ukiyakwaruza kwa ufunguo yanakupa unga. Ukuta wetu wa mbele una ya kila aina, na Mzee anayafahamu kuliko anavyofahamu majina ya wajukuu.

Sasa mke wangu, Mama Tumaini, ambaye humu ndani ndiye Waziri wa Ujenzi, akaamka siku moja na kutangaza kuwa nyumba imepitwa na wakati. Alisema inafanana na godauni la pareto. Nilijua maneno yale yametoka wapi. Ana kaka yake Dar es Salaam, Shemeji Picha, ambaye kazi yake ni kumtumia dada yake picha za nyumba za watu: kuta za rangi ya krimu, nguzo za kijivu, taa zimefukiwa ukutani. Shemeji Picha mwenyewe amepanga vyumba viwili na hajawahi kununua hata nusu mfuko wa saruji. Lakini neno lake kwa Waziri ni sheria, wakati mimi niliyemtolea mahari huwa naombwa tu nishike ngazi.

Tulianza kwa kuuosha ukuta, maana hilo lilionekana halina gharama. Waziri aligawa mabrashi, sabuni na ndoo. Ukuta ukang'aa wekundu mzuri, tukapiga picha, Shemeji akajibu kwa vidole gumba vitatu. Ulipokauka, ukaota unga mweupe kuanzia chini hadi usawa wa dirisha. Waziri akasema sabuni haikusuuzwa vizuri, na aliyesuuza, kwa bahati mbaya, nilikuwa mimi. Tukaosha tena. Unga ukarudi mwingi zaidi.

Aliyeniokoa ni binti yetu Tumaini, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hajui kujibu swali kwa ufupi. Akatueleza, mikono nyuma, kwamba ile ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali na kuyeyusha chumvi iliyomo. Yakifika usoni yanakauka na kuiacha pale. Nyumba za siku hizi huwekewa nailoni juu ya msingi ili unyevu usipande, ya babu haina. Kila tukiosha tunaongeza maji, na maji ndiyo yanayoibeba chumvi. Dawa yake ni kuiswaki ikiwa kavu, kisha kutafuta maji yanaingilia wapi. Waziri akamsikiliza hadi mwisho, akampongeza, akasema basi tupake rangi ya mafuta, itaziba.

Ilipakwa upande wa choo kwa majaribio. Mvua za kwanza ziliponyesha rangi ile ikatoa malengelenge, na kijana wetu wa mwisho, Saidia Fundi, akagundua raha ya kuyapasua. Unyevu uliofungiwa ndani ulikuwa unatafuta njia ya kutoka, na mtoto yule akawa anaufungulia milango kila akitoka shule.

Hapo ndipo alipoingia Fundi Kesho. Jina hili hakupewa na mimi, ni la mtaa mzima. Alikuja na mwiko, pimamaji na kauli moja: hapa ni kupiga lipu tu, mama, nyumba itakuwa mpya. Mirunda ikasimikwa, mchanga ukamwagwa kwenye bustani yangu ya mchicha, kazi ikaanza. Naomba nikukumbushe kwamba mvua zikianza Iringa, na ulanzi nao unaanza kugemwa. Fundi Kesho alikuwa anaonekana saa nne, anaondoka saa saba kwenda "kucheki mchanga", na mchanga wenyewe ulikuwa umelala pale kwenye mchicha wangu. Kwa haraka hiyo hakuwahi kuulowesha ukuta kabla ya kupiga lipu. Tofali la kuchoma linakunywa maji kumshinda fundi mwenyewe. Lilifyonza yote yaliyokuwa kwenye saruji, na lipu ikapasuka kabla ya Jumapili.

Na Jumapili hiyo, bila taarifa, Mzee Tanuri akashuka kwenye bajaji akiwa na kuku na debe la mahindi.

"Kamwene," akasema.

"Shikamoo, baba," nikajibu, nikiwa nimesimama mbele ya ukuta kwa namna ya kuuziba. Mimi si mnene kiasi hicho.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisogea, akagonga lipu kwa fimbo yake, ikatoa sauti ya utupu. Akagonga tena, kipande kikadondoka. Akamgeukia binti yake: "Mama, mnamsitiri nani?"

Tukaketi. Ilibidi tusikilize historia. Mwaka 1977, kwenye kitabu cha Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, Mwalimu Nyerere aliwasema watu wanaong'ang'ania saruji na bati huku wakilidharau tofali la kuchoma na vigae. Mzee alikisoma, akakielewa, akajenga. Nilitupa jicho juu kwenye paa la nyumba ile, ambalo ni bati tangu siku ya kwanza, nikalirudisha jicho langu chini taratibu. Mkwe hajibiwi.

Akaendelea kwamba mwaka 1981 saruji ilikuwa ya kutafuta kwa kibali, kwa hiyo ndani ya ukuta matofali yameunganishwa kwa udongo, na saruji ilipakwa kwenye viungo vya nje tu. Ndiyo iliyokuwa imekatika na kuacha mianya ya kuingiza maji miaka yote. "Ukuta una njaa ya pointi," akasema, "ninyi mnauvalisha koti."

Waziri wa Ujenzi, ambaye hajawahi kushindwa hoja na mimi tangu tuoane, alisema, "Sawa, baba." Hayo maneno mawili huwa nayasikia akiongea na watu wengine.

Kubandua lipu kulikuwa msiba wa pili, maana matofali laini yalitoka nayo uso. Bahati Mzee alikuwa na akiba ya matofali ya tanuri lile lile chini ya mparachichi, ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nayasema kwamba yanafuga nyoka. Alimleta fundi mzee mwenzake, akachanganya sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga, kwa sababu saruji tupu ni ngumu kuliko tofali letu na huishia kulipasua. Viungo vikakwanguliwa, vikaloweshwa, vikajazwa. Tukafunga gata ili maji ya paa yasirushie tope jekundu ukutani. Waziri akaachiwa madirisha na milango, akavipaka kijivu cha Shemeji Picha. Kusema kweli imependeza, na nimesikia majirani wakimpongeza Fundi Kesho.

Tukiwa mezani tunamaliza kuku wa mwisho, simu ya Waziri ikalia. Shemeji ametuma picha mpya: huko Dar sasa watu wanabandika kwenye lipu zao vigae vyembamba vilivyotengenezwa vifanane na tofali la kuchoma.

"Baba Tumaini," mke wangu akaniuliza, macho hayajatoka kwenye simu, "hivi hivi vinauzwaje?"

Mzee Tanuri akaomba miwani. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akataka atajiwe bei ya mita moja ya mraba. Alipotajiwa, aliweka chini tonge lake la ugali, akamtuma Saidia Fundi aende mbio chini ya mparachichi akahesabu matofali yaliyobaki.