Mwenyekiti Kamwandikia Katibu

Kiswahili hakijapungukiwa maneno ya kumcheka anayejiona. Tuna kigogo, tuna bwana mkubwa, na vijana wametuongezea kujimwambafai. Lakini mtu aliye mwenyekiti wa mtaa, mweka hazina wa saccos, katibu wa kamati ya shule na msemaji wa ukoo, huyo tunasema kwa adabu tu kwamba ana kofia nyingi. Adabu hiyo inatuponza. Majivuno na mlundikano wa vyeo ni maradhi mawili, nasi tunahangaika na lile lisiloua. Mtazame Idi Amin, aliyejipachika urais wa maisha, udaktari, na ubwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini, ilhali Uganda haina bahari. Cheo cha samaki hakikumdhuru mtu, wala samaki hawakupata habari. Kilichoangamiza watu ni kwamba tangu 1971 amri ya jeshi na amri ya serikali zilitoka kinywa kimoja, na wa kukihoji hakubaki.

Waingereza waliliona hilo jukwaani. Katika The Mikado, mchezo wa kuimba wa Gilbert na Sullivan ulioonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1885, yumo bwana aitwaye Pooh-Bah. Wakubwa wa mji wa Titipu walijiuzulu kwa kuona haya kumtumikia aliyekuwa fundi cherehani. Yeye akavumilia fedheha hiyo, akazichukua kazi zao zote, pamoja na mishahara. Fundi yule, Ko-Ko, anapomwomba ushauri wa gharama za harusi yake, Pooh-Bah anataka kwanza kujua anaulizwa kama nani. Kama katibu wake binafsi anamshauri atumbue fedha za mji. Kama mkuu wa hazina anahimiza ubanaji matumizi. Anaweza kupika hesabu ili yeye mwenyewe, akiwa mkaguzi, asigundue, halafu kama askofu akalazimika kujishitaki kwake mwenyewe, mkuu wa polisi. Haishangazi kwamba jina lake liliingia katika Kiingereza kuwa neno la watu wa namna hiyo.

Wapo watakaosema watu wa kazi ni wachache, na anayejua kuandika muhtasari ni yuleyule kila mwaka. Kweli, na mara nyingi hakunyang'anya kitu: ulipofika uchaguzi wa mweka hazina, wote tulikuwa tunachungulia simu. Huko juu hoja ina uzito zaidi. Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na tangu Mwinyi alipozivaa kofia zote mbili, watetezi wa mtindo huo wamekuwa wakisema vichwa viwili vingegombana. Lakini mweka hazina aliwekwa ili agombane! Akishindwa kumkatalia mwenyekiti, kuna haja gani ya kuwa na daftari? Wakenya, katika katiba yao ya 2010, waliamua kwamba ofisa wa dola aliyeteuliwa asishike wadhifa wa chama cha siasa. Kamati ya harusi haina katiba, kwa hiyo mwenyekiti humpongeza mweka hazina kwa uadilifu, mweka hazina akamshukuru mwenyekiti kwa uongozi, muhtasari ukapita bila bishano hata moja, na wajumbe wakarudi nyumbani wakisifu umoja.