Khati ya Heshima

Imekuwa ada siku hizi kwamba mtu akitaka kumwoza binti yake haridhiki na kadi ya herufi za kawaida, ambazo hata babu mwenye mtoto wa jicho angezimudu, bali humwamuru mchapaji ampatie zile nyembamba kama uzi wa buibui, zenye mikia inayojipinda na kuvuka mstari, ili mwalikwa adhani kuwa mwenye shughuli amekesha na kalamu na wino akiliandika jina lake. Ni mkono gani huo, jamani, uandikao kadi mia tatu pasipo kutetereka hata mara moja?

Hermann Zapf, bingwa wa khati wa Kijerumani, aliitambua ila hiyo. Katika Zapfino, aina yake ya herufi za kuchapia iliyotolewa mwaka 1998, aliipa herufi moja sura kadhaa, ili “a” ya pili isiwe pacha wa ya kwanza. Wachapaji wetu, Mola awazidishie, hawana haja na taabu hiyo: huandika jina zima kwa herufi kubwa, kila moja na pambo lake, hata MWANAISHA akafanana na jarife lililotupwa ufukweni.

Juzi nami nilipata kadi moja ya namna hiyo, yanukia marashi. Niliisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani, nikampa jirani. Saa na mahali pa karamu havikufahamika. Kilichochapwa kwa herufi nene, zilizosimama wima pasipo mkia wala haya, kilikuwa nambari ya simu ya kupelekea mchango.