Maji ya Barafu

Nianze na maji. Ukiketi mgahawani Marekani, hujatamka neno unaletewa glasi ya maji yenye barafu, bure, na ukinywa nusu mhudumu anakuja kujaza. Hata Januari. Hata Chicago, mji ambao upepo wake unauma masikio kama una meno. Mimi ni mtoto wa Tanga, kwetu cha bure hakikataliwi, na hapo ndipo ulipoanzia msiba ninaotaka kuwasimulia.

Buddy Guy, mwanamuziki wa blues, nilimjua mwaka 1992, mjomba wangu baharia aliponiletea kanda ya Damn Right, I've Got the Blues, iliyokuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Niliipiga mpaka utepe ukaanza kukokota, nikawa nairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic nisimalize betri. Wenzangu wakibishana nani mkali kati ya bendi za Msondo na Sikinde, mimi namtetea mpiga gitaa wa Louisiana ambaye hakuna aliyepata kumsikia. Waliniona nimerogwa.

Januari ya 2019 nilikuwa mkazi wa Chicago, miaka 51, magoti yamechoka. Kila Januari Buddy hupiga kwenye klabu yake mwenyewe, Buddy Guy's Legends, pale barabara ya Wabash. Nikakata tiketi mbili. Mbili kwa sababu mke wangu alisema mahali penye kaunta ya pombe siendi peke yangu. Yeye ni mtu wa taarab. Blues kwake ni makelele ya mwanamume aliyerudishiwa posa. Sikumlaumu sana, hata kampuni ya Chess iliyomrekodi miaka ya 60 iliona vurugu za gitaa lake ni makelele, ikamtumia zaidi kuwasindikiza wakubwa kama Muddy Waters. Baadaye vijana wa Kiingereza walipotajirika kwa makelele hayohayo, watu wakagundua kumbe ni muziki.

Tuliwahi, tukapata meza nzuri. Chakula cha pale ni cha Louisiana, nikaagiza gumbo.

"Baba Watoto, hii si bamia?"

Ni bamia, na hata neno lenyewe, gumbo, asili yake inatajwa kuwa ni Kibantu. Nikaona nimeshinda. Kisha akauliza soseji ni ya nyama gani. Akasukuma bakuli upande wangu, nami nikalisukuma katikati, likabaki pale kama mgeni asiyesalimiwa. Tukaagiza samaki. Samaki wale walikuwa na chumvi ya kuhifadhia papa. Nikanywa maji. Mhudumu akajaza. Nikanywa. Akajaza.

Mzee akapanda jukwaani, miaka 82, shati la madoadoa na gitaa la madoadoa.

"Mbona kavaa kanga?" mke wangu akauliza.

Nilitaka kucheka, lakini kanga si ndege yule mwenye madoa aliyekipa kitambaa jina? Nikamweleza: Buddy alipoondoka kwao mwaka 1957 kutafuta maisha Chicago, mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Ili mama asisononeke, akamdanganya kwamba akipata pesa atamrudia na gari la Cadillac lenye madoadoa. Gari halikununuliwa. Mama akafariki, na yale madoa ndiyo kumbukumbu ya ahadi ile. Mke wangu akanyamaza, akapangusa jicho kwa ncha ya ushungi. Ningejua matokeo yake ningefunga mdomo.

Nisimung'unye maneno: mzee yule anapiga. Anapiga kwa fimbo ya ngoma, anapiga kwa taulo, anapiga gitaa likiwa mgongoni. Kisha anashusha sauti, anashusha, mpaka unasikia barafu ikigongana kwenye glasi. Na mimi nikisikia barafu nakumbuka maji. Ukumbi mzima umeshika pumzi, nami nimeshika kitu kingine. Nitainuka vipi kiti kikilia kwii mbele ya mzee wa miaka 82 ambaye yeye amesimama wima tangu aanze na wala hajaaga kwenda popote?

Halafu kuna jambo ambalo kila mpenzi wake analijua: hufika wakati akashuka jukwaani na gitaa lake, akipiga, akapita katikati ya watu mpaka kaunta. Ndilo nililolisubiri miaka 27. Meza yetu niliichagua kwa hesabu hiyo.

Nikavumilia nyimbo mbili. Ya tatu nikashindwa. Nikajisemea, anaongea kidogo, anatania watu, nitawahi. Chooni foleni, wanaume watatu mbele yangu, wote wakubwa kwangu, wote hawana haraka. Zamu yangu ilipofika nikasikia kelele ukumbini, na gitaa likisogea. Likasogea zaidi. Likawa kama liko nyuma ya ukuta. Lakini kuna shughuli mtu akishaianza haikatizwi.

Nilipotoka niliona mgongo wenye madoadoa ukipanda jukwaani.

Mke wangu alikuwa amesimama, anameremeta kama biharusi. Mzee alipofika mezani petu, yeye akafanya kile afanyacho kwenye taarab siku zote: akainuka taratibu, akajitingisha kidogo, akamtunza. Noti ya dola tano, moja kwa moja kwenye mfuko wa shati. Buddy Guy akacheka, akampigia gitaa palepale, meza za jirani zikashangilia. Jamaa mmoja akapiga picha, akamtumia kwenye simu.

Picha hiyo iko sebuleni kwetu, ndani ya fremu ya dhahabu, juu ya televisheni. Wageni wote huonyeshwa. Mimi simo. Kwenye kiti changu kuna koti, na mbele ya koti glasi ya maji, imejazwa pomoni.