Jinsi ya Kuogeshwa na Bia Yako Mwenyewe

Uwe na sababu kwanza, na sababu nzuri kuliko zote ni mgongo. Sufuria ya lita 25 za maji ya kimea yaliyochemka haibebwi na mtu mwenye akili zake. Basi wewe unayepika bia gerejini huko Ohio, katikati ya majirani wanaoinunua dukani, nunua pampu. Serikali haina neno nawe. Tangu sheria aliyotia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa kujipikia galoni 200 kwa mwaka bila kodi.

Umeme ni rahisi. Koili ya wati 5,500 inataka volti 240, na soketi za kawaida za Marekani zina 120 tu. Ya 240 ipo nyuma ya mashine ya kukaushia nguo. Chomoa mashine, ukichagua siku ya theluji, na umweleze mkeo kwamba nguo za kuanikwa hunukia vizuri zaidi. (Swichi inayokata umeme unapovuja usiiruke. Hapo sitanii: maji, chuma na volti 240 havina utani.)

Sasa pampu yenyewe. Ifunge juu ya rafu, usawa wa macho, wageni waione. Iwashe. Itanguruma kwa heshima zote na hakitatoka kitu, kwa sababu pampu hizi husukuma, hazivuti. Zikiwa na hewa tumboni huzunguka bure. Wasiojali mapambo huiweka sakafuni, chini ya sufuria, wakafungua koki na kuacha maji yajiteremkie yenyewe hadi hewa yote itoke, ndipo wakawasha. Bibi zetu wa Uchagani wamepika mbege miaka nenda rudi kwa kata, na sijapata kusikia kata iliyoingiwa na hewa.

Ukitaka kupunguza kasi, bana koki ya upande wa kuingilia. Maji yaliyokaribia kuchemka yatageuka mapovu ndani ya pampu, nayo itasikika kama inatafuna kokoto. Kuna watu baridi wanaobana koki ya kutokea, ambayo pampu haioni taabu nayo. Hao hawana hadithi ya kusimulia.

Kimea kikiwa kimelowa kwenye nyuzi 66, fungua koki zote hadi mwisho. Pampu itanyonya maji ya chini haraka kuliko yanavyoweza kuchuja kupita kwenye punje, na punje zitagandamana kama ugali wa jana. Kama koili yako iko chini ya kichujio, itabaki kavu na kuunguza sukari. Usihuzunike. Waambie wageni umepika kwa mtindo wa Bamberg, mji wa Ujerumani unaosifika kwa bia ya moshi. Usiongeze kwamba wao hukausha kimea kwa moshi wa kuni kwa makusudi.

Mpira wa kurudishia maji juu usiufunge popote. Pampu ikishika kasi utaruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, upake dari, taa na nywele zako sukari ya moto. Sisimizi watakuja wenyewe, huhitaji kuwaalika.

Halafu hopsi. Mwaga zote bila mfuko, majani na vumbi lake, ili vizibe mlango wa pampu. Hapa utakutana na kitu ninachokipenda kuliko vyote katika ufundi huu. Mota ya pampu hizi haigusi bia; huzungusha sumaku ya nje, nayo ya nje huburuta ya ndani iliyobeba feni. Feni ikikwama, sumaku zinaachana kimyakimya na mota inaendelea kunguruma vilevile, bila aibu. Utasimama hapo robo saa, mikono kiunoni, ukisubiri bia ipoe, na hakuna kinachotembea. Kuzima, kuzibua na kuwasha upya ni kazi ya dakika mbili, lakini kwanza lazima ushuku.

Usafi uache hadi Jumamosi ijayo. Ukifungua skrubu za kichwa cha pampu utakuta kitu cha kijani chenye manyoya, na nyuma yako mtu ameshika kapu la nguo mbichi, anauliza kwa upole usio wa kawaida soketi yake iko wapi.